Winchi ya Kundi la Nne

Hati ya makabidhiano niliyopewa siku ya kuondoka ilikuwa na kurasa nne. Viti, meza, jiliwa kumi na mbili, mashine mbili za kukereza, moja mbovu, keekee, tupa, mitungi ya kuzimia moto. Nilihesabu kila kitu pamoja na mtunza stoo, nikatia sahihi, nikachukua mfuko wangu nikaenda zangu. Hapakuwa na mstari hata mmoja wa kuandika ninachokijua kuhusu somo la mradi, ambalo nimelisimamia miaka ishirini na saba katika chuo chetu hapa Kahama. Kwa mujibu wa hati ile, nimewaachia vyuma tu. Haya mengine nayaandika bila kuombwa, na mniwie radhi mkiona nimepandisha sauti. Nimeishusha kwa muda mrefu mno.

Nilianza kazi nikiwa na cheti kizuri, shati jeupe na imani kwamba mchoro ukiwa sahihi, kifaa hakina budi kuwa sahihi. Fundi mkuu wa karakana wakati huo alikuwa Mzee Lugata, Msukuma wa Bukombe, mtu wa darasa la saba, ambaye angeweza kukuambia kwa kidole tu kama shafti imepinda. Alinitazama kuanzia kola hadi viatu.

"Karibu, Mwalimu. Hilo shati ni la kanisani."

Kesho yake nilikuja na ovaroli.

Mradi wangu wa kwanza na wanafunzi ulikuwa mashine ya mkono ya kupukuchua mahindi. Tulichora, tukakata, tukachomelea, tukapaka rangi ya kijani. Tukaipeleka kwa kikundi cha akina mama kijiji cha jirani. Mama wa kwanza kuijaribu alikuwa na mtoto mgongoni, na kila alipozungusha mpini ilimlazimu asimame kwa ncha za vidole. Alizungusha mara sita, akashukuru kwa adabu, akarudi kwenye gunia na fimbo yake. Njiani, tulipokaribia geti la chuo, Mzee Lugata aliuliza.

"Ule mpini mlimpima nani mkauweka juu vile?"

"Nilijipima mimi mwenyewe."

"Basi uwe unakwenda kuwapukuchulia wewe."

Tangu siku hiyo hakuna kundi lililopewa karatasi ya kuchorea kabla ya kwenda kukaa na mtu atakayekitumia kifaa. Wiki ya kwanza ni ya kutazama na kuuliza. Ya pili ni ya kuandika kwa maneno matupu kile ambacho kifaa lazima kifanye, na kile ambacho hakiruhusiwi kufanya hata kikiharibika. Mchoro unakuja wiki ya tatu, na usiwe mmoja, iwe mitatu, ili kundi libishane. Nimesikia mpango huo sasa unaitwa upotevu wa muda. Wanaosema hivyo ndio waliopitisha, mwaka wa mwisho nikiwepo, ripoti ya kikaushio cha mpunga iliyoeleza namna kifaa kitakavyohimili theluji. Theluji, Kahama. Wanafunzi watano walisaini ripoti hiyo na mwalimu mmoja akaipa alama za juu, na hakuna kati ya hao sita aliyeisoma.

Hili la makundi nalo lisemwe. Kundi la wanafunzi watano, ukiliacha lijiendeshe, mmoja atafanya kazi, mmoja atachapa ripoti, mmoja ataleta soda, na wawili utawaona siku ya kuwasilisha wakiwa wamefunga tai. Dawa niliyoitumia haikunipatia marafiki. Kila mmoja aliandika kwenye daftari la kundi kwa mkono wake kazi aliyoifanya, na siku ya kuwasilisha nilipiga kura nani aeleze sehemu gani. Aliyeshindwa, kundi zima lilipata sifuri ya sehemu hiyo.

Sasa niwaambie habari za Kundi la Nne, maana ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Ni miaka michache tu iliyopita. Mwenyekiti wa kundi alikuwa Daudi, kijana wa mjini, mzungumzaji, aliyechaguliwa kwa sababu ya mdomo wake. Aliyekuwa anafanya kazi alikuwa Mbuke, binti wa fundi baiskeli wa Runzewe. Mbuke alikuwa mkimya na mbishi, na alishika tupa kama mtu aliyezaliwa nayo. Watatu wengine walikuwa watu wema waliofuata upepo.

Niliwapeleka Mwakitolyo, kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu. Tulipokewa na Mama Sayi, mmiliki wa duara, yaani shimo la kuchimbia. Juu ya duara lake kulikuwa na winchi ya mkono, gogo lililolazwa juu ya nguzo mbili, kamba imezungushiwa, mpini kila upande. Wanaume wawili walizungusha, kiroba cha mawe kikapanda. Hakuna kilichozuia mzigo usirudi chini isipokuwa mikono yao.

"Wakichoka je?" Mbuke aliuliza.

"Hawachoki," Mama Sayi alisema. "Shemeji yangu alichoka siku moja. Mpini ulimponyoka, ukageuka nyuma, ukampiga taya. Mpaka leo anakunywa uji. Na kiroba kilimkosa mtu wa chini kwa hatua hivi." Alionesha kwa viganja viwili. "Mwanangu, kama mna kitu, leteni. Kama mmekuja kupiga picha, wenzenu walishapiga."

Ndani ya basi la kurudi Mbuke aliandika kwenye daftari sentensi ambayo naikumbuka neno kwa neno: *Mtu akiachia mpini, mzigo lazima usimame ulipo.* Kazi yote ya kundi ilikuwa sentensi hiyo.

Walisanifu winchi ya chuma yenye gurudumu la meno ubavuni, na kidole cha chuma kinachoingia kati ya meno hayo kila linapozunguka, ili liende mbele na lisirudi. Siku ya kuwasilisha mchoro kura ya kueleza breki ilimwangukia Daudi. Alisema maneno mengi mazuri kuhusu maendeleo ya sekta ya madini. Nikamuuliza kidole kinasukumwa na nini kisitoke kwenye meno. Akatazama dari. Niliwapa sifuri.

Mbuke alinifuata hadi mlangoni pa ofisi.

"Mwalimu, breki nimeichora mimi. Sifuri yangu inatoka wapi?"

"Kwa Daudi."

"Hiyo si haki."

"Siku ukiumwa, duara la Mama Sayi litamngoja nani aliyeielewa breki?"

Aliondoka bila kuaga. Lakini wiki ile yote niliwaona karakana, yeye na Daudi, Mbuke akifungua na kufunga breki, Daudi akieleza kwa sauti, akikosea, akianza upya.

Wakaijenga. Siku ya majaribio tulitundika viroba viwili vya mchanga, mara mbili ya mzigo wa kawaida, tukasimama mbali. Jaribio la kwanza likapita, la pili likapita. La tatu tukasikia *ta!* na viroba vikaanguka chini. Meno walikuwa wameyachonga kwenye bamba laini, na moja lilikatika. Nyuso zao zilinywea. Mzee Lugata, aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, aliokota kipande cha jino akakiweka kwenye kiganja cha Mbuke.

"Limekatika hapa, halikukatikia Mwakitolyo. Leo mmefanya kazi."

Mbuke aliandika daftarini: *Jino limekatika jaribio la tatu. Winchi isitumike.* Mzee Lugata akatia sahihi chini yake. Wakakubaliana gurudumu jipya liwe gia kuukuu kutoka giaboksi ya lori, na kidole kichongwe kwenye springi ya gari, kipashwe moto na kuzamishwa kwenye oili kiwe kigumu. Breki mbovu ikang'olewa. Mbuke akafunga kibao cha bati kwenye mpini, kimeandikwa kwa rangi nyekundu: USIZUNGUSHE. HAINA BREKI.

Siku mbili baadaye nilikwenda Geita kukagua wanafunzi waliokuwa mafunzoni, nikiwa na nia ya kupitia kwa wauza vyuma chakavu kutafuta gia. Nikiwa huko, chuo kikaalikwa kwenye maonesho. Mkuu wa Idara wetu, ambaye jina lake silitaji kwa kuwa sitaki alione limeandikwa mahali popote tena, aliingia karakana kutafuta kitu cha kupeleka. Akaiona winchi. Mbuke alikuwepo.

"Hii inapendeza. Ipakieni."

"Mkuu, haina breki."

"Tunakwenda kuonesha. Hatuendi kuchimba."

"Wakitaka kuizungusha?"

"Binti, wewe ni mwanafunzi wa mwaka wa ngapi?"

Mzee Lugata alijaribu kusema, akaambiwa achunge stoo. Winchi ikapakwa rangi ya bluu na kupakiwa. Kibao cha bati Mkuu alikifungua kwa mkono wake, akasema kinaharibu picha.

Yaliyotokea huko nilielezwa na Daudi. Mgeni rasmi alifika bandani, akapenda aone winchi ikifanya kazi. Mkuu wa Idara akaagiza kiroba cha mawe kitundikwe. Mgeni mwenyewe akavua koti akashika mpini, watu wakapiga makofi, kiroba kikapanda mpaka juu. Kisha mpiga picha akamwita, naye, kama mtu yeyote ambaye hajaambiwa, akaachia mpini ageukie kamera. Daudi aliona. Alimsukuma mgeni kwa bega, na mpini ukamkuta yeye kwenye mkono wa kulia. Mifupa yote miwili ya chini ya kiwiko ilivunjika.

Niliporudi nilimkuta hospitali, mkono umefungwa, uso umevimba kwa kukosa usingizi. Mkuu wa Idara alikuwa ameshapita. Alimuuliza kama mgeni alionekana kukasirika.

Na sasa nafika mahali ambapo hasira yangu inabidi inigeukie mimi. Jumatatu ile niliitwa ofisini, nikakuta taarifa ya ajali ya kurasa tatu. Mkuu akanieleza ukurasa wa kwanza: mahali, watu, jeraha. Akafungua wa mwisho penye jina langu kama msimamizi wa mradi.

"Ni utaratibu tu, Mwalimu Shija. Bima ya mwanafunzi inasubiri."

Nilikuwa na kipindi dakika tano baadaye. Nikasaini. Ukurasa wa katikati sikuusoma.

Wiki iliyofuata Mbuke alisimama mlangoni kwangu amebeba begi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Vipi, unasafiri?"

"Nimekuja kuaga. Nimesimamishwa masomo mwaka mzima. Uzembe wa kutofunga breki na kusababisha ajali." Hakulia. Alinyoosha barua. "Wameambatisha taarifa. Sahihi yako nimeiona, Mwalimu."

Nilisoma ukurasa wa katikati nikiwa nimesimama. Ulisema kwamba mwanafunzi Mbuke, mhusika wa breki, *hakuujulisha uongozi* kwamba kifaa hakijakamilika. Chini kabisa, wino wa bluu, jina langu.

"Sikusoma," nilisema.

Aliichukua barua yake, akaikunja. Kisha akasema, kwa heshima zote, jambo lililoniuma kuliko tusi: "Sawa, Mwalimu. Asante." Akaenda stendi kupanda basi la Runzewe.

Nilikwenda kwa Mzee Lugata, nikitaka, nadhani, anifariji. Alikuwa anafagia vumbi la chuma chini ya mashine ya kukereza, na hakuacha kufagia.

"Wanafunzi wako unawazuia kusaini mchoro ambao hawajaupima."

"Ndiyo, Mzee."

"Wewe ulipima?"

"Hapana."

"Basi nenda ukafute."

Kumbe sahihi haifutiki kirahisi. Niliandika barua ya kuikana taarifa, ikapokelewa na kulala. Nikaandika nyingine kwa Mkuu wa Chuo. Nikaambiwa nitavuruga jina la taasisi. Nikaambiwa binti atarudi tu, mwaka si mwingi. Mwaka si mwingi! Waliosema hivyo walikuwa na kiti cha kuzunguka na feni juu ya kichwa. Baba yake Mbuke alikuwa anaziba pancha barabarani ili mtoto wake awe mhandisi. Mkuu wa Idara alinisimamisha uwanjani mbele ya watu, akaniuliza kama nimesahau nimebakiza miaka mingapi ya kazi. Nikamjibu kwamba inatosha kuandika barua moja kila wiki. Nikaziandika. Ya tisa ndiyo iliyoitisha kikao.

Kikaoni nilipeleka daftari la kundi, na nilianza kwa kusema kwamba nilisaini bila kusoma, na kwamba kama kuna mzembe wa kuadhibiwa, wa kwanza amesimama hapa. Nikasoma maneno ya Mbuke: *Winchi isitumike.* Mzee Lugata akatoa mfukoni kile kibao cha bati. Alikiokota kwenye takataka siku kilipofunguliwa, akakihifadhi, hakumwambia mtu.

Mkuu wa Idara akasema kibao kinaweza kuandikwa siku yoyote.

Ndipo Daudi akaomba kusema. Aliingia na mkono umetundikwa shingoni. Nilitazamia hotuba. Hakutoa hotuba. Aliwaeleza wajumbe, hatua kwa hatua, breki ile ilivyofanya kazi, jino lilikatika wapi na kwa nini, nani aliing'oa na lini, na Mbuke alimwambia nini Mkuu wa Idara mlangoni pa karakana, kwa sababu yeye Daudi alikuwa nyuma yake ameshika brashi ya rangi. Mjumbe mmoja akamuuliza ana hakika gani na mambo ya kiufundi kiasi hicho, wakati mhusika wa breki ni mwenzake.

"Alinifundisha," Daudi alisema. "Tulipewa sifuri kwa ajili yangu."

Adhabu ilifutwa. Mbuke alirudi akiwa amepoteza muhula mmoja na kitu kingine ambacho sijui kukipima. Hakuna aliyemwomba radhi kwa niaba ya chuo. Mimi nilikwenda Runzewe mwenyewe, nikamwomba radhi mbele ya baba yake, aliyenisikiliza akiwa ameshika tairi, kisha akanipa kigoda nikae. Mkuu wa Idara alihamishiwa kwingine, na nasikia alifanyiwa sherehe ya kukaribishwa. Mkono wa Daudi haunyooki sawasawa hadi leo. Taarifa ile ya kurasa tatu bado imo ndani ya faili. Niliomba iondolewe, nikajibiwa kwamba kumbukumbu haziharibiwi. Kumbukumbu!

Kundi la Nne liliimaliza winchi. Gia ya lori, kidole cha springi, na kidole cha pili cha akiba ambacho Mbuke alikidai na hakuna aliyethubutu kumbishia. Tuliijaribu kwa mchanga mara hamsini, nyingine kwa makusudi ya kuivunja. Haikuvunjika. Ndipo tukakodi lori dogo tukaipeleka Mwakitolyo.

Mama Sayi aliamuru watu wote watoke shimoni kwanza. Mzungushaji wake mkongwe, Bundala, mtu wa miraba minne, alishika mpini peke yake. Kiroba kikapanda, gia ikilia *ka, ka, ka*, kikafika usawa wa macho yetu.

"Achia," Mbuke alimwambia.

"Niachie nini?"

"Mpini, baba. Achia mikono yote miwili."

Bundala alimtazama Mama Sayi. Mama Sayi alirudi nyuma hatua tatu, akatikisa kichwa kukubali. Mtu yule alifumba macho, akaachia, akaruka pembeni. Kiroba kilicheza kidogo kwenye kamba, kikatulia. Bundala alifumbua macho, akaenda akakisukuma kwa kidole, akauinamia mpini, akachungulia gia na kile kipande cha springi kilichokaa kati ya meno mawili, kitu cha ukubwa wa kidole gumba.

"Ni haka tu?" aliuliza.

"Ni hako," Daudi alisema.

Nilitazamia *wabeja*, shukrani ya Kisukuma ambayo huwa wanaitoa hata kwa kikombe cha maji. Wanafunzi nao walishaanza kutabasamu. Bundala alituangalia mmoja mmoja, akaanzia kwa vijana, akaishia kwangu mimi mwenye mvi, na uso wake haukuwa wa mtu anayeshukuru.

"Miaka yote hii," alisema, "mlikuwa wapi?"